Roda Tatu za Mzungu wa Barabara

Mtu akiniuliza roda ipi inafaa kwa uvuvi upi, namjibu papo hapo. Elimu hiyo niliipata kwa vidole vya kaka yangu, na tangu niipate sijaifurahia hata siku moja.

Wazungu walikiita kitu hicho rili. Sisi wavuvi wa Bagamoyo tulikiita roda, kwa kuwa kilifanana na zile roda za mlingotini zinazopitisha kamba ya tanga. Ni gurudumu linalofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, mshipi ukaviringwa humo, nawe unaupeleka na kuurudisha kwa kuzungusha mpini. Kabla ya hapo hatukuwa na haja nalo. Tulikuwa na kibao, mshipi, ndoana, chubwi la risasi la kuuzamisha mshipi, na vidole.

Na kwa vidole hakuna aliyemfikia kaka yangu. Alinizidi miaka sita. Baba alipofariki nilikuwa bado sijaingia jando, na kaka ndiye aliyekuwa akienda baharini ili mama na mimi tule. Alikuwa akikaa kwenye ngalawa, mshipi umelala juu ya kidole chake cha shahada, macho kayafumba, kisha anasema taratibu, "Huyu changu, anaonja tu. Huyu sasa tasi, mwizi, atanimalizia chambo. Ngoja... chewa. Chewa mzee." Anavuta, anapanda chewa. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasoma kitu kilichoandikwa majini. Alinifundisha yote aliyoyajua, lakini vidole havirithishwi. Mimi nilikuwa mvuvi wa wastani. Nilichokiweza ni vyuma. Baada ya shule ya msingi nilikaa miaka mitatu kwa fundi baiskeli, nikajua meno, breki, spoki na grisi.

Miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia alikuja Mzungu wa kusimamia matengenezo ya barabara, kipande cha kutoka Kerege mpaka mjini, ambacho kila masika kiligeuka uji. Kazi yake ilikuwa barabara, lakini moyo wake ulikuwa baharini. Alikuwa na mashua ndogo ya mota, na sebuleni kwake fimbo za kuvulia zilisimama ukutani kama mikuki. Alipouliza ni nani anayeijua miamba, watu walimtajia kaka. Kaka akawa nahodha wake. Wiki mbili hazikwisha, kaka akaniombea kazi na mimi.

"Bwana," alimwambia mbele yangu, "nina mdogo wangu. Huyu vyuma vinamsikia. Na anajua kuandika."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Aliyenifungulia mlango ni yeye.

Bwana alikuwa na roda tatu, akanikabidhi zote niwe nazitunza. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya mbao nyeusi iliyozungushiwa shaba, kama kisahani cha kikombe kwa upana. Ilikuwa na vipini viwili vya pembe vilivyochomoza ubavuni. Haikuwa na meno ndani. Ukiizungusha mara moja, nayo inazunguka mara moja. Samaki akikimbia, roda inazunguka, na vile vipini vinazunguka pamoja nayo kwa kasi ileile. Breki yake ilikuwa kipande cha ngozi kilichobanwa pembeni, ambacho mvuvi anakikandamiza kwa dole gumba ili gurudumu lipunguze mwendo. Hakukuwa na breki nyingine.

Ya pili ilikuwa ya chuma na shaba, fupi, nzito, yenye meno ndani kama ya baiskeli. Mpini ukizunguka mara moja, mshipi unajiviringa mara tatu. Karibu na mpini palikuwa na nyota ya shaba ambayo ukiikaza, samaki anavuta kwa taabu, ukiilegeza anavuta kwa raha, na mpini wenyewe unabaki umetulia mkononi mwako hata samaki akimbie namna gani. Nilipoifungua mara ya kwanza na kuona yale meno yalivyokatwa, nilikaa nayo mapajani asubuhi nzima.

Ya tatu ilikuwa ndogo, nyepesi, ya ajabu. Ile sehemu iliyobeba mshipi haikuzunguka kabisa. Ilisimama, na kijiwaya kilichopinda ndicho kilichokwenda kuzunguka na kuulaza mshipi juu yake. Ukirusha chambo, mshipi unachopoka pembeni kama uzi kwenye kidonge cha mshona nguo, na chambo chepesi kama ganda la korosho kinafika mbali ajabu.

Kila jioni niliosha mishipi ya kitani kwa maji baridi ya kisima, kwa maana chumvi huozesha kitani, nikaianika baina ya minazi miwili, na zile roda nikazitia mafuta ya cherehani tone moja moja. Kaka aliketi kando akinitazama, akacheka.

"Mdogo wangu, hizi ni mashine za mtu asiyeamini vidole vyake."

Alisema kwa mzaha. Mimi nililichukua neno lile nikaenda nalo nyumbani.

Bwana akapata wazo. Huko kwao palikuwa na gazeti la wavuvi wa fimbo, na alitaka kuliandikia makala ya kulinganisha roda hizi katika bahari ya joto, kila moja kwa uvuvi wake. Akanipa daftari la jalada gumu. "Wewe fundi," alinambia, "andika kila unachokiona. Usiandike unachodhani. Unachokiona."

Aliniita fundi. Hapana mtu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo, hata yule fundi baiskeli aliyenifunza.

Tukavua miezi kadhaa kwa ajili ya daftari lile. Tulikwenda mdomoni mwa Ruvu, maji ya mto yanapokutana na chumvi, tukasimama kwenye mchanga na kurusha vyambo vya bati. Pale roda ndogo ilikuwa malkia. Kolekole wadogo na mzia waliifuata mpaka miguuni mwetu. Nilijaribu ile ya meno, mshipi ukajisokota ndani yake mpaka nikaufumua kwa sindano, kwa sababu roda ile haipendi chambo chepesi. Ya mbao haikurusha hata hatua kumi.

Tukaenda nje, kurambaza, mashua inakwenda polepole na chambo kinaburutwa nyuma. Huko roda ndogo ilikuwa ya kusikitisha. Nguru mmoja wa makamo aliifanya ilie kama paka, na kijiwaya kikapinda. Ya meno ndiyo ilikuwa yenyewe. Nguru anapiga, anakimbia, nyota ya shaba inamwachia kidogo kidogo, mpini umetulia, nawe unamngoja achoke.

Tukaenda mwambani, kushusha mshipi wima mpaka chini. Hapo, na hapo peke yake, ile ya mbao iliwashinda wenzake wote. Kwa kuwa haina meno, hakuna kitu kinachoingia kati yako na samaki. Kila anachokifanya kule chini unakisikia kwenye mpini. Kaka alipoishika mwambani aliniangalia kwa mshangao.

"Hii nayo ina masikio," alisema.

Niliandika yote hayo kwa maneno yangu. Ndogo kwa kurusha, ya meno kwa kurambaza, ya mbao kwa kushusha chini. Na kwenye ukurasa wa ya mbao niliongeza onyo, isitumike kurambaza. Nilikuwa nimeifunga uani, nikavuta mshipi wake kwa nguvu huku nimeshika kijiti karibu na vile vipini. Kipini kilipiga kijiti kikakatika vipande viwili, na kipande kimoja kiliruka hadi kwenye paa la jiko.

Bwana alisoma, akatikisa kichwa. "Vizuri. Lakini msomaji atauliza, je, ulijaribu? Huwezi kusema roda fulani haifai kurambazia kama hukurambaza nayo. Lazima tujaribu sawa kwa sawa, siku moja, bahari moja." Kisha akaigeuza ile roda mkononi, akakwaruza breki kwa ukucha. "Ngozi hii imekwisha. Ibadilishe kabla ya Jumamosi."

Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Siku ileile nilikwenda kwa fundi viatu, nikapata kipande kizuri cha ngozi ya ng'ombe, nikakitia kwenye kisanduku cha vyombo. Kukibandika ilikuwa kazi ya nusu saa. Ijumaa baada ya sala nilikuwa na muda wote wa dunia. Lakini nikaichukua ile ya meno, nikaenda nayo Mbegani peke yangu kufanya mazoezi, kwa sababu nilijua Jumamosi Bwana atakuwa akitazama, na nilitaka anione mimi. Nilitaka, kwa mara moja, mtu atoke kwenye mashua akisema kwamba mdogo kamshinda mkubwa. Nilirudi jioni mikono ikiniuma kwa raha. Ngozi ilibaki kisandukuni.

Asubuhi ya Jumamosi tuliondoka watatu. Bahari ilikuwa shwari kama maji ya beseni. Tulipopita miamba Bwana alishika usukani mwenyewe.

"Leo mimi ni nahodha," alisema. "Ninyi ndugu wawili mtavua. Chambo kimoja, mshipi mmoja. Roda tu ndiyo itofautiane. Nani anachukua ipi?"

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuigusa ile ya meno. Kaka aliuona. Akatabasamu lile tabasamu alilokuwa akinipa nilipokuwa mtoto na kipande cha mwisho cha samaki kimebaki kwenye kombe.

"Chukua, mdogo wangu," akasema. "Mimi nishazoea kuvuta bila mashine."

Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu: kaka, ngozi bado sijabadilisha. Bwana angekunja uso, labda angenigombeza, tungerudi, nami ningeibandika ngozi pale pale ufukweni. Nilikaa kimya. Nilijiambia huenda samaki mkubwa asipige. Nilijiambia kaka ni kaka, ataiweza tu. Lakini ukweli ni kwamba sikutaka kugombezwa mbele yake siku ile niliyokusudia kusifiwa.

Mimi nilipata jodari mdogo mapema, nikampandisha vizuri, Bwana akasema, "Safi, fundi!" Nikamtazama kaka kuona kama amesikia.

Kisha nguru akapiga kwake.

Hata leo siwezi kueleza kasi ile. Fimbo iliinama, na roda ya mbao ikalia. Vile vipini havikuonekana tena. Palikuwa na kivuli tu cha mviringo. Kaka akakandamiza breki kwa dole gumba kama alivyoonyeshwa. Ngozi iliyokwisha haikushika kitu. Nilimwona akikandamiza tena kwa nguvu zaidi, na roda haikusikia. Hapo mkono wake ukafanya kile ambacho mkono wa kila mvuvi wa mshipi hufanya. Ulikwenda kushika.

Mlio ulikuwa mdogo. Kama mtu anayevunja vijiti vya kuwashia moto.

"Shikilia!" Bwana alipiga kelele kutoka nyuma. "Usimwachie! Shikilia!"

Naye alishikilia. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyekuja kulisema baadaye. Aliikumbatia roda kifuani, akaifunika kwa kanzu yake chakavu ya kazi mpaka kitambaa kikanasa na gurudumu likasimama. Akauzungusha mshipi kwenye mkono wa kushoto, akavuta kama tulivyokuwa tukivuta miaka yote, bila roda, damu ya mkono wa kulia ikimwagika juu ya magoti yake. Mimi nilikaa nimeduwaa na fimbo yangu nzuri. Aliponiita, "Kulabu, mdogo wangu, lete kulabu," ndipo nilipoinuka. Yule nguru tulipomlaza ndani ya mashua alikaribia urefu wa mtu.

Bwana aliufunga mkono wa kaka kwa leso yake, akasema pole. Nakiri alisema pole. Lakini tulipofika ufukweni alituma kwanza ikaletwa kamera, akasimama na yule nguru, akapigwa picha. Kaka alikuwa ameketi mchangani nyuma yake, ameuweka mkono kwenye mapaja kama kitu cha mtu mwingine.

Watu walimpeleka kaka hospitali. Mimi niliambiwa nisafishe vyombo na baadaye nilete daftari. Nilikwenda kwenye banda la mashua, nikafunga mlango. Nikafungua kisanduku, nikatoa kile kipande cha ngozi, nikakibandika kwenye roda ya mbao. Nikakilowesha kwa maji ya chumvi. Nikakisugua kwa mchanga kidogo ili kisionekane kipya. Mikono yangu haikutetemeka. Nilifanya kazi safi, kama fundi.

Bwana alikuwa barazani. Aliichukua roda, akaitazama breki, akaikandamiza kwa gumba lake, ikashika.

"Ngozi uliibadilisha?"

"Ndiyo, Bwana."

"Lini?"

"Alhamisi, Bwana."

Akavuta pumzi. Nilidhani ameng'amua, lakini alikuwa akitafuta maneno ya Kiswahili. "Basi kosa si la roda," akasema. "Kosa ni la mtu. Andika. Roda ya mbao inaweza kumleta samaki mkubwa, lakini mvuvi asizembee. Nahodha alizembea, akashika mpini. Andika hivyo."

Niliandika hivyo, kwa hati yangu nzuri ya shuleni. Neno *alizembea* nililiandika bila kosa hata moja.

Kama lingebaki daftarini, labda leo ningekuwa na maneno ya kujitetea. Lakini Bwana alikuwa mtu wa kupenda kufundisha. Alikwenda soko la samaki akawaeleza wavuvi, kwa nia njema kabisa, kwamba vyombo vya kisasa vinataka uangalifu, na kwamba hata nahodha hodari akizembea ataumia. Watu wa pwani neno hawaliachi lipite. Kabla ya mwezi kwisha, kaka alikuwa na jina jipya. "Mzembe kapona?" waliuliza. "Mzembe, roda imekusalimu." Mtu aliyekuwa akisoma samaki kwa kidole akawa ndiye mfano wa kuwatishia wanaojifunza.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilipona vibaya. Vilikaa vimejikunja, havinyooki, wala havisikii. Alikwenda kwa mganga wa viungo, akakandwa, akafungwa mabanzi mara mbili. Alipojaribu tena mshipi nilikuwa naye kwenye ngalawa. Alifumba macho kama zamani, akangoja. Akangoja sana. Chambo kililiwa chote asijue. Akauviringa mshipi kwenye kibao kwa mkono wa kushoto, polepole, akasema, "Turudi."

Akaomba nafasi kwenye vyombo vya wengine, hata ya kuvuta nyavu tu. Mkono mbovu wangeweza kuuvumilia, kwani pwani imejaa watu wenye viungo vibovu. Lakini nani atampakia mzembe? Bwana naye alimwambia kwa upole kwamba mashua haiwezi kuwa na nahodha wa mkono mmoja. Akanipa mimi usukani. Nikaupokea.

Siku waliyohama, shemeji yangu, mke wa kaka, alisimama mlangoni na mizigo yake miwili. Walikuwa wanakwenda Mapinga, kwenye shamba la wazee wake, kulima mihogo.

"Shemeji," aliniuliza, "wewe ulikuwamo mle mashuani. Kweli alizembea?"

Nikamjibu, "Ilikuwa ajali, shemeji."

"Sikukuuliza kama ilikuwa ajali."

Akajitwika mzigo wake, akaenda.

Gazeti lilifika karibu mwaka mmoja baadaye. Bwana alinionyesha kwa furaha. Picha yake na nguru ilijaza nusu ya ukurasa. Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha, basi nikamwomba mwalimu mmoja wa shule anisomee. Alisoma kwa sauti akinitafsiria, nami nikasikia daftari langu likinirudia kutoka kinywani mwake: ndogo kwa kurusha, ya meno kwa kurambaza, ya mbao kwa kushusha, kwa sababu hapana kitu kinachoingia kati ya mvuvi na samaki. Hata kile kijiti kilichoruka hadi juu ya jiko kilikuwamo, ila sasa kilikuwa kimeshikwa na Bwana. Fundi hakutajwa. Aliyetajwa kutoka Bagamoyo alikuwa mtu mmoja tu, nahodha mwenyeji, mzembe, aliyevunjika vidole.

Mwalimu alikunja gazeti, akasema, "Mzungu huyu anaijua sana bahari yetu."

Bwana alipohamishwa aliniachia ile roda ya meno kama zawadi. Ningependa kusema niliitupa majini. Sikuitupa. Niliitumia miaka mingi, na ilivua vizuri sana.

Mama alifariki miaka michache kabla ya Uhuru. Kaka alikuja mazikoni, akakaa mpaka hitima. Sinia zilipoletwa, wanaume tukazizunguka kama kawaida, nikamwona amesogea pembeni, nyuma ya nguzo ya baraza, ametugeuzia mgongo. Nikamfuata nikidhani analia. Alikuwa akila kwa mkono wa kushoto. Vile vidole vitatu havikuweza kukunja tonge, na hakutaka watu wamwone akila kama asiyefunzwa, katika hitima ya mama yake aliyemfunza. Aliponiona alishusha mkono haraka, akaufuta kwenye kanzu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mapinga. Nilimkuta shambani akipanda mihogo, anafukia pingili kwa kisigino.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kuna msiba mwingine?"

"Hapana. Nimekuja kukwambia jambo."

Nikamwambia. Sikupamba. Ngozi, Mbegani, ukimya wangu mashuani, banda la mashua, mchanga niliousugulia, *alizembea*. Alinisikiliza amesimama, jembe begani. Nilipomaliza alifukia pingili nyingine kwa kisigino, nami nikatamani anipige.

"Mkono ni kudra," alisema mwishowe. "Mtu husahau ngozi. Hata mimi nilisahau mambo mengi baharini, Mungu akanistiri. Lakini lile jina hukulisahau. Ulikuwa ukilisikia kila siku sokoni, unapita na samaki zako. Miaka yote hiyo. Ulikuwa ukilisikia?"

"Nilikuwa nikilisikia, kaka."

"Mke wangu alinambia siku tulipohama, mdogo wako anaficha kitu. Nikamgombeza. Nikamwambia, yule nimemlea mimi."

Akaliteremsha jembe.

"Usiniombe radhi mimi. Nenda sokoni. Simama pale walipolisemea wao, useme. Kisha njoo unambie wamesemaje."

Nilikwenda keshoye, asubuhi, mnada wa samaki ulipokwisha na watu bado hawajatawanyika. Nilipanda juu ya jiwe la kupasulia papa nikapaza sauti. Nikasema mimi ni fulani, nikasema kaka yangu hakuzembea, mwenye kosa ni mimi, breki ya roda nilikuwa sijaitengeneza, nikadanganya. Nilitegemea matusi. Nilikuwa tayari hata kwa mawe.

Kijana mmoja aliyekuwa akifunga samaki kwa ukindu aliinua uso. "Roda gani?"

"Ya Mzungu wa barabara," nikasema. "Iliyomvunja vidole."

Wakatazamana. Wengi walikuwa vijana, wengine wageni kutoka Winde na Saadani. Mchuuzi mmoja mzee, aliyekuwapo enzi zile, alikunja kipaji akajitahidi kukumbuka.

"Kaka yako yupi?" akauliza. "Yule mzembe?"

"Ndiyo, lakini hakuwa mzembe. Ndilo ninalolisema."

"Ahaa," akasema. "Kwani alifanya nini?"

Nikaanza kumweleza tangu mwanzo. Alinisikiliza kwa adabu kidogo, kisha mtu akamwita kuhusu kapu la dagaa, akaenda. Kisa walikuwa wamekisahau zamani. Kilichobaki vinywani mwao ni jina tu. Nilishuka kwenye lile jiwe, na hapana aliyeniuliza jambo lingine.

Nikarudi Mapinga. Kaka alikuwa ameketi kizingitini, shemeji anachambua mchicha. Alipoona ninavyokuja sidhani kama alihitaji kuambiwa, lakini aliuliza.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Wakasemaje?"

Nilifikiria kumdanganya. Kwa uongo nilikuwa nimekwisha kuwa hodari. Lakini nikamwambia kama ilivyokuwa, neno kwa neno, hata lile "kwani alifanya nini".

Kaka akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu enzi za mashua, na kicheko kile sitaki kukisikia tena. Shemeji aliacha mchicha akamtazama.

"Basi nimekuwa mzembe bure," alisema, "hata bila sababu."

Akainuka, akaingia ndani. Nilingoja. Baadaye shemeji aliniletea maji kwenye kata, nikanywa nimesimama, nikamrudishia, akaipokea bila kuniangalia. Jua lilikuwa bado juu. Nikashika njia ya barabarani kwenda kungoja lori la kunirudisha mjini.

Aliishi miaka mingine kumi na mbili. Kila nilipokwenda alinipokea, na kila niliposema shikamoo aliitikia marahaba. Alinipa mihogo ya kuondoka nayo. Habari za baharini hakuniuliza hata mara moja, na mimi sikumpa.